Vyungu vya Sanga: vyombo vya udongo na maisha ya kila siku katika bonde la Upemba

Utangulizi

Historia ya Waluba, kama isimuliwavyo mara nyingi, huanza na majina ya watawala. Msikilizaji hutajiwa Nkongolo na Kalala Ilunga, akaonyeshwa vita, ndoa na ngoma za kifalme, kabla hajaonyeshwa jiko. Lakini mabaki mengi zaidi yanayoshikika mkononi, yaliyoachwa na watu walioishi kando ya Lualaba miaka elfu moja iliyopita, hayakutoka ikulu. Ni vyungu, mabakuli, chupa na meko ya udongo. Vyombo hivyo havitaji jina la mtu yeyote, wala havisimulii ushindi wa mtu. Ila vinaonyesha namna watu walivyopika, walivyokunywa, walivyohifadhi moto na walivyowazika wapenzi wao.

Hapa pana tatizo ambalo haifai kulipita kimya. Karibu vyombo vyote vilivyo vizima kutoka bonde la Upemba vimetoka makaburini. Je, chombo kilichowekwa pamoja na maiti chaweza kusema nini juu ya chakula cha walio hai? Wako wanaokitazama kana kwamba ni sufuria ya jikoni iliyosahauliwa ardhini. Wako pia wanaokikataa kabisa, wakidai kwamba kaburi ni jambo la ibada tu, halina habari za nyumbani. Makala haya yanatetea njia ya tatu: chungu cha kaburini ni picha ya nyumba, iliyopangwa kwa makusudi na wale waliobaki. Anayetaka kuisoma picha hiyo hana budi kuuliza kwanza chombo kimeumbwaje, kilikuwa na kazi gani, kilikaa wapi, na kiliwekwa kwa ajili ya nani.

1. Bonde na uchimbuzi wake

Bonde la Upemba liko kusini-mashariki ya Kongo, katika eneo ambalo tangu mgawanyo wa mkoa wa Katanga mwaka 2015 limo katika mkoa wa Haut-Lomami. Hapo Lualaba huingia katika nchi tambarare, ukapoteza mwendo wake, ukatawanyika katika maziwa na mabwawa yenye mafunjo. Maziwa ya Upemba na Kisale ndiyo yenye sifa zaidi. Maji hupanda na kushuka kwa majira. Samaki ni wengi, udongo wa kando ya mto una rutuba, lakini miinuko isiyofikiwa na mafuriko ni michache. Kwa sababu hiyo watu walirudi kujenga na kuzika mahali pale pale, kizazi baada ya kizazi. Palipo na kijiji leo, mara nyingi pana makaburi ya kale chini yake.

Mwaka 1957 Jacques Nenquin, mtaalamu wa akiolojia kutoka Ubelgiji, alichimba huko Sanga, kando ya ziwa Kisale. Mwaka uliofuata, 1958, kazi iliendelezwa na Jean Hiernaux wa chuo kikuu kilichokuwa kimefunguliwa Elisabethville, mji ambao leo huitwa Lubumbashi. Baada ya miaka kadhaa ya kimya, Pierre de Maret alirudi Sanga mwaka 1974, akachimba pia Katongo. Na mwaka 1975 akafanya kazi Kamilamba, Kikulu na Malemba-Nkulu. Taarifa ya Nenquin ilichapishwa Tervuren mwaka 1963, ile ya Hiernaux na wenzake mwaka 1971, na zile za de Maret mwaka 1985 na 1992. Kwa jumla, mamia ya makaburi yamefunguliwa na kuandikwa.

Historia ya utafiti huo yenyewe ina funzo. Nenquin aligawa vyombo vya Sanga katika makundi matatu: vyombo vya Kisale, vyombo vya Mulongo, na vyombo vilivyopakwa rangi nyekundu. Vipimo viwili vya kwanza vya kaboni 14 vilielekeza kwenye karne ya 8 na ya 9. Kwa ushahidi huo mdogo ilidhaniwa kwamba makundi yote matatu yalikuwepo kwa wakati mmoja, kana kwamba wafinyanzi wa desturi tatu walifanya kazi bega kwa bega kando ya ziwa moja. Uchimbuzi wa miaka ya 1970 na vipimo vingi zaidi vya kaboni 14 viliondoa dhana hiyo. Makundi hayo hayakuwa majirani; yalifuatana.

Mfuatano unaokubaliwa sasa ni huu. Kwanza huja kipindi cha Kamilamba, takriban karne ya 5 hadi ya 7, wakati wakazi wa bonde walikuwa tayari wanatumia chuma. Kinafuata kipindi cha Kisale cha mwanzo, karne ya 8 hadi ya 10. Kisha Kisale cha ukomavu, takriban karne ya 11 hadi ya 13, ambacho ndicho chenye vyombo vingi na vizuri kuliko vyote. Baada yake huja kipindi cha Kabamba, kuanzia karne ya 14 hadi ya 18, na mwishowe vyombo vinavyohusiana moja kwa moja na Waluba wa nyakati za karibuni. Hivyo, kosa la tarehe lilikuwa limegeuza historia ya miaka mia nyingi kuwa siku moja ya soko. Kilichosahihisha kosa hilo si uzuri wa chombo, bali ni kujua kila chombo kilitoka kaburi lipi, na pamoja na kitu gani.

2. Kazi ya mfinyanzi

Vyombo vya Upemba viliumbwa kwa mikono, bila gurudumu. Katika ufinyanzi wa aina hii udongo huchimbwa, huchaguliwa mawe na mizizi, hulowekwa na kukandwa. Udongo mtupu ukichomwa hupasuka. Kwa hiyo mfinyanzi huuchanganya na mchanga, au na magae ya vyungu vya zamani yaliyotwangwa. Chembe hizo huruhusu chombo kupanuka motoni na kusinyaa kikipoa bila kuvunjika. Ukuta wa chombo hupandishwa kidogo kidogo, husawazishwa kwa kipande cha kibuyu au kwa kokoto laini, kisha hupambwa kabla haujakauka. Ndiyo maana ya methali isemayo: udongo uwahi ungali maji. Baada ya kukauka kivulini, vyombo hupangwa mahali pa wazi, vikafunikwa kuni na majani makavu, vikachomwa.

Katika nchi ya Waluba, kama katika sehemu nyingi za Afrika ya Kati, ufinyanzi ulijulikana kuwa kazi ya wanawake. Haifai kudai kwamba hali ilikuwa hivyo hivyo katika karne ya 11, maana chungu hakiandikwi jina la aliyekiumba. Hata hivyo, jambo hili lafaa kukumbukwa kila mara inaposemwa kwamba historia ya kale ya bonde hili ni historia ya wahunzi na wafalme. Makaburi yana vyuma. Lakini kwa wingi vyuma havifikii vyungu.

Lugha nayo ni shahidi. Katika Kiluba na katika Kibemba, kitenzi cha kufinyanga ni -bumba. Wataalamu wa lugha za Kibantu wamekirudisha kitenzi hicho hadi kwenye lugha mama ya lugha hizo. Katika Kiswahili konsonanti ya kwanza imedondoka, likabaki neno umba, ambalo maana yake ni kufanyiza kitu kwa udongo na pia kuleta kiumbe duniani. Kutokana nalo tumepata neno Muumba. Vilevile shina la neno chungu linapatikana katika nyungu, neno lililoenea katika lugha nyingi za Kibantu kwa maana ya chombo cha kupikia. Maneno haya yanaonyesha kwamba ustadi wa udongo ulisafiri pamoja na wasemaji wa lugha hizi tangu zamani sana, na kwamba waliutazama kuwa mfano wa kazi ya kuleta uhai.

3. Maumbo na matumizi

Umbo la chombo halitokani na urembo tu. Kila sehemu ina sababu yake, na mtu aliyezoea jiko la udongo huitambua mara moja.

Chungu cha kupikia kina kitako cha mviringo. Kitako hicho hukaa imara juu ya mafiga matatu, na moto hukizunguka pande zote bila kukutana na pembe ambapo joto lingesimama na kupasua ukuta. Mdomo wake ni mpana kiasi cha kupitisha mwiko. Chombo cha maji, kinyume chake, kina tumbo kubwa na shingo nyembamba: maji hayamwagiki njiani, wala vumbi haliingii kwa urahisi. Udongo uliochomwa kwa moto wa wazi hubaki na vitundu vidogo visivyoonekana. Maji hupenya polepole hadi nje, yakakauka kwa hewa, na ukaukaji huo hupoza yale yaliyobaki ndani. Kwa hiyo kasoro moja ya mtungi, yaani kutoka jasho, ndiyo faida yake. Bakuli lililo wazi ni la kuandalia chakula. Chupa yenye shingo ndefu ni ya kinywaji cha kumiminwa kidogo kidogo.

Vyombo vya Kisale cha ukomavu vina maumbo haya yote na zaidi. Alama yake kubwa ni mabega yenye pembe kali, shingo iliyopinda, na ukingo wa mdomo ulionenepeshwa au kukunjwa kwa ndani, mara nyingi ukiwa na mifereji myembamba iliyochorwa kwa uangalifu. Baadhi vimetiwa mikono ya kushikia. Vingine vina mdomo wa pembeni wa kumiminia. Iko hata chupa ya Sanga iliyoumbwa kwa sura ya mtu. Mdomo wa kumiminia ni jambo dogo lenye maana kubwa: mfinyanzi hajisumbui kuutengeneza ila pale ambapo kinywaji hugawiwa kwa watu kwa utaratibu, mmoja akimpa mwingine. Pale penye chombo cha kumiminia, pana pia adabu ya kumiminia.

Chombo kinachovutia kuliko vyote huenda ni meko ya udongo yenye ncha tatu. Ni chombo cha kubebeka: makaa hukaa katikati, na chungu hutulia juu ya ncha zilizoinuliwa. Mkazi wa Lubumbashi akikiona atakumbuka mbabula, jiko la makaa linalowekwa uani au barazani. Lakini mahali pake pa asili si uani. Wavuvi wa Lualaba wametumia meko ya namna hiyo ndani ya mitumbwi yao. Mtumbwi ni mti. Moto hauwezi kuwashwa sakafuni mwake. Meko ya udongo huruhusu mvuvi kukaa majini kwa muda mrefu, apate joto usiku na apike samaki bila kurudi pwani. Kwa kuwa meko kama hayo yamo katika makaburi ya Kisale, inafahamika kwamba uvuvi wa zamani haukuwa kazi ya dakika chache kando ya kijiji tu, bali ulikuwa na safari zake na kambi zake. Ndoana, vyusa na mifupa ya samaki iliyopatikana katika makaburi hayo inathibitisha jambo hilo.

Yafaa pia kutaja kile ambacho vyungu hivyo havikupika. Mahindi na mihogo ni mazao ya Marekani, yaliyoletwa Afrika baada ya mwaka 1492. Wenye vyombo vya Kisale hawakuyajua. Bukari ya mahindi, ambayo leo huonekana kana kwamba ni chakula cha Katanga tangu milele, ni mgeni katika nchi hii kuliko vyungu vya Sanga. Chungu ni cha kale kuliko chakula kilichomo ndani yake, na umbo lake limeendelea kufaa hata yaliyomo yalipobadilika.

4. Vyungu vya watoto

Hapa ndipo swali la mwanzo linaporudi kwa nguvu. Wachimbuzi waligundua kwamba baadhi ya vyombo vya Kisale vilivyomo makaburini havina dalili ya kutumika. Hakuna masizi kitakoni, wala ukingo haukulika kwa mwiko. Inaelekea vilifinyangwa kwa ajili ya mazishi. Kama ni hivyo, je, ushahidi wa maisha ya kila siku haukuanguka?

Haukuanguka, na sababu inaonekana katika makaburi ya watoto. Katika kipindi cha Kisale cha ukomavu, ukubwa wa vyombo ulielekea kufuata umri wa marehemu. Mtu mzima aliwekewa vyombo vikubwa; mtoto aliwekewa vidogo; na mtoto mchanga aliwekewa vidogo zaidi, ambavyo havingetosha kupika chochote. Lakini vyombo hivyo vidogo havikuumbwa ovyo. Vina mabega yale yale, ukingo ule ule na mapambo yale yale ya vyombo vya watu wazima. Mfinyanzi alichukua vyombo vya nyumba nzima akavipunguza kipimo, asivipunguze heshima.

Kiswahili kina njia yake ya kusema jambo hili. Shina moja hutoa jungu, chungu na kijungu: kikubwa, cha kawaida na kidogo, bila kubadili asili ya kitu. Makaburi ya Sanga yanafanya kwa udongo kile ambacho lugha hufanya kwa viambishi. Kijungu cha mtoto hakikuwa mchezo. Kilikuwa chungu kwa kipimo cha mwenyewe.

Jambo hilo lina maana mbili. Ya kwanza ni kwamba chombo cha kaburini kilinakili kile cha nyumbani. Mtu hawezi kupunguza kipimo cha kitu asichokijua, na hakuna aliyehangaika kuiga kwa makini kitu kisicho na thamani. Kwa hiyo hata chungu ambacho hakikuguswa na moto ni shahidi wa jiko, kama vile mchoro wa nyumba ulivyo shahidi wa nyumba ingawa haulali mtu. Maana ya pili inahusu watu wenyewe. Jamii iliyomfinyangia mtoto mchanga vyombo vyake, vikiwa na mkunjo kamili wa mdomo, haikumhesabu kuwa si kitu. Ilimwona kuwa mtu anayestahili jiko, maji na chakula huko aendako. Ni vigumu kutaja maandishi yoyote ya zama zile ambayo yangesema hilo kwa uwazi zaidi.

Hata hivyo usawa huo ulikuwa na mipaka. Makaburi hayakulingana kwa wingi wa vitu. Yako yenye vyombo vichache, na yako yaliyojaa vyombo pamoja na mapambo ya shaba, chuma na pembe za ndovu. Huko Kamilamba, kaburi moja la kipindi cha Kisale cha mwanzo lilikuwa na shoka la heshima lenye mpini uliopambwa kwa misumari, pamoja na fuawe. Na vitu vya aina hiyo vilijulikana baadaye kuwa alama za mamlaka kwa Waluba. Wingi wa vyungu basi husema mambo mawili kwa pamoja: mahitaji ya mtu yeyote, na uwezo wa baadhi ya watu kuonyesha kwamba wana zaidi ya mahitaji.

5. Udongo, shaba na safari za mbali

Kuanzia karne ya 14 sura ya makaburi inabadilika. Vyombo vya Kabamba si vile vya Kisale. Mabega makali na mikunjo ya mdomo inatoweka, na baadaye rangi nyekundu inachukua nafasi. Pamoja na badiliko hilo inajitokeza misalaba midogo ya shaba, iliyowekwa kifuani, kiunoni au mikononi mwa marehemu. Shaba haichimbwi katika bonde la Upemba. Ilitoka katika ukanda wa madini wa kusini mwa Katanga. Kadiri karne zilivyopita, misalaba ilizidi kuwa midogo na kufanana kwa ukubwa, hata wataalamu wakaiona kuwa fedha iliyotumika katika biashara. Kauri za Bahari ya Hindi nazo zilifika bondeni, na baadaye ushanga wa kioo. Hizi hupita mikono mingi. Si lazima mtu wa pwani awe amekanyaga Kisale, wala mtu wa Kisale awe ameiona bahari.

Vyungu havikusafiri hivyo. Ni vizito, huvunjika, na udongo wa kuvifanyizia upo karibu kila mahali penye mto. Kwa hiyo shaba na kauri hueleza uhusiano wa bonde na nchi za mbali, ilhali vyungu hueleza uhusiano wa watu wa bonde wao kwa wao: nani alijifunza kwa nani, nani alioa wapi, desturi ipi ilidumu na ipi ilikoma. Badiliko la vyungu mnamo karne ya 14 halithibitishi peke yake kwamba watu wapya walivamia na kuwafukuza wa zamani. Watu wanaweza kubadili mtindo wa chombo bila kubadili damu, kama wanavyobadili nguo. Ni hatari kugeuza kila ukingo mpya wa mdomo kuwa kabila jipya, na historia ya Afrika imepata hasara kubwa kwa njia hiyo.

6. Mipaka ya ushahidi

Methali ya Kiswahili yasema: mfinyanzi hulia gaeni. Kwa kawaida huelezwa kwa maana ya fundi asiyefaidi kazi yake. Lakini methali hiyo ni ushahidi pia wa matumizi ya kweli. Gae halikutupwa mara moja. Lilikuwa sahani, kifuniko, kaango la karanga, chombo cha kupelekea kaa la moto kwa jirani. Maisha ya chungu hayakuishia siku kilipovunjika. Makaburi, ambayo yana vyombo vizima, hayaonyeshi sura hiyo ya maisha: chungu kilichopasuka ukingo, mtungi uliozibwa ufa, bakuli lililorithiwa. Ili kuiona, inabidi kuchimba majalala na sakafu za nyumba, kazi ambayo haileti vitu vya kupendeza machoni lakini ina habari nyingi.

Aidha, udongo umebaki kwa sababu hauozi. Vibuyu, vikapu, vinu vya mti, nyavu na mitumbwi vimeoza katika ardhi yenye maji. Yule anayesoma vyombo vya udongo peke yake anaweza kudhani kwamba kila kitu kilifanyika kwa udongo. Inambidi akumbuke kwamba anasoma kurasa chache tu za kitabu kilichokuwa kinene.

Lakini hatari kubwa zaidi imo katika mikono ya walio hai. Sehemu ya vyombo vya Sanga imehifadhiwa Tervuren, na sehemu iko katika Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi. Vyombo hivyo vina namba, na namba hurudisha kila chombo katika kaburi lake. Chungu kinachofukuliwa na mtu anayetafuta cha kuuza hakina namba hiyo. Kinaweza kuwa kizuri kuliko vyote. Lakini hakiwezi tena kusema kama kilikuwa cha mtoto au cha mzee, kama kilikaa pamoja na shoka au na ndoana, kama kina miaka mia tatu au elfu moja. Kosa la mwaka 1957 liliweza kusahihishwa kwa sababu wachimbuzi waliandika walichokiona, kila kitu mahali pake. Kosa la mchuuzi haliwezi kusahihishwa na mtu yeyote.

Sambamba na hayo, sufuria za alumini na ndoo za plastiki zimechukua kazi nyingi za chungu na mtungi. Hakuna sababu ya kuwalaumu wanaozitumia: ni nyepesi, hazivunjiki, na mama anayechota maji mbali anajua uzito wa mtungi kuliko mwandishi wa historia. Lakini mfinyanzi mzee anapofariki bila mwanafunzi, si vyombo tu vinavyopotea. Hupotea majina ya sehemu za chungu, sababu za kila mkunjo, aina za udongo na mahali unapochimbwa. Hayo ndiyo maelezo ambayo makaburi hayana. Kuyakusanya, katika Kiluba na katika Kiswahili, ni kazi ya uchimbuzi isiyohitaji jembe, nayo haiwezi kungoja.

Hitimisho

Vyungu vya Sanga havikuwekwa ardhini ili visomwe na wanahistoria. Viliwekwa na watu waliofiwa, kwa ajili ya wapenzi wao. Hata hivyo, kwa kuwa watu hao hawakuwa na mfano mwingine wa maisha mema ila nyumba waliyoijua, walijenga upya ndani ya kaburi jiko, maji, kinywaji na moto wa mtumbwini. Kwa njia hiyo maisha ya kila siku ya karne ya 11 yamehifadhiwa na kifo chenyewe.

Matokeo yake kwa utafiti ni wazi. Chombo hakitoshi bila mahali kilipokuwa. Mtindo hautoshi kuthibitisha kabila. Na uzuri wa makaburi usifanye majalala ya nyumba yadharauliwe. Wasomi wa Kiswahili nao wana sehemu yao. Maneno ya ufinyanzi yaliyo hai vinywani mwa watu wa Katanga ni hati za kale kama vyungu vyenyewe, nayo huvunjika upesi kuliko udongo. Wahenga walisema kwamba jungu kuu halikosi ukoko. Ukoko huo ungalipo kando ya Lualaba, chini ya ardhi na katika ndimi za wazee. Kinachotakiwa ni kuukwangua kwa uangalifu, na kuandika kila kipande kilitoka wapi.